Pesa ya kilio na pesa ya masomo: kile Aberfan inatufundisha



Mutoto akikufa, kwetu watu wanakuja. Wanatoa michango, wanalala inje pamoja na wafiwa. Kisha kilio kinaisha, kila mutu anarudi kwake, na wazazi wanabaki na ulizo moja: tufanye nini ili jina lake lisipotee? Leo nataka tuangalie namna muji moja wa wachimbaji ulijibu ulizo ile.

Muji ule ni Aberfan, mu inchi ya Wales, ku Uingereza. Pale baba wengi walichimba makaa ya mawe. Takataka ya mungoti, udongo na mawe, ilimwagwa juu ya mulima, nyuma ya nyumba za watu. Fungu la namba 7 liliwekwa juu ya chemchemi ya maji. Tangu 1963 barua ziliandikwa kusema kwamba iko hatari kwa masomo. Hakuna aliyesimamisha kazi ile.

Tarehe 21 Octobre 1966, siku ya tano, saa tatu na dakika 15 asubui, fungu lilishuka. Lilifunika masomo ya Pantglas na nyumba za karibu. Watu 144 walikufa, na kati yao watoto 116. Wachimbaji walitoka chini ya shimo na vyombo vyao, wakaenda kuchimba kutafuta watoto wao wenyewe.

Mwaka wa 1967 tume ya uchunguzi ilisema wazi: kosa ni la National Coal Board, kampuni ya serikali yenye kusimamia makaa. Lakini hakuna mukubwa hata moja aliyefukuzwa kazi wala kupelekwa mbele ya tribinali. Wakati wa kuandika sababu ya kifo, baba moja aliomba waandike kwamba mutoto wake alizikwa muzima na kampuni ile.

Watu wa inchi nyingi walituma michango. Ilifika karibu pauni 1.750.000. Na hapa njo tusikilize muzuri. Juu ya mulima kulibaki mafungu ingine, na wazazi walitaka yaondolewe. Mwaka wa 1968 pauni 150.000 zilitolewa ku pesa ile ya wafiwa ili kulipa kazi ya kuyaondoa. Maana yake: mwenye kuua hakulipa yote, na mwenye kulia akalipishwa.

Watu wa Aberfan hawakuacha kudai. Mwaka wa 1997 serikali ilirudisha pauni 150.000, bila faida hata moja. Mwaka wa 2007 serikali ya Wales ikatoa pauni milioni mbili: milioni moja na nusu kwa shirika lenye kutunza makaburi na bustani ya ukumbusho, na 500.000 kwa shirika la masomo ya watoto. Hesabu wenyewe: miaka 41.

Bustani iko pale masomo yalisimama. Inasema: walikuwa hapa. Pesa ya masomo inasema neno lingine: mutoto wa leo asome, hata kama hakuwajua wale. Yote mbili iko na kazi yake.

Na sisi je? Tangu Septembre 2019 masomo ya primaire ya serikali ni bure. Lakini secondaire iko na minerval, na hata mu primaire madaftari, iniforme na viatu vinatafuta pesa. Pale njo familia yenye kufiwa mutoto inaweza kufungua sanduku ndogo kwa jina lake. Likelemba tunaijua, bamama ndio walimu wetu. Ila sanduku la mutoto liko na sheria zake. Pesa ya kilio na pesa ya masomo zisichanganywe. Sahihi ziwe tatu, na moja iwe ya mutu asiye wa ukoo. Mutoto wa kusaidia achaguliwe kwa sababu ya shida yake, si kwa sababu ya shangazi yake. Minerval ilipwe ku masomo kwenyewe, na karatasi irudi. Mwisho wa mwaka hesabu isomwe mbele ya watu wote. Sanduku likikua, sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Juillet 2001 inaruhusu kuunda ASBL.

Lakini musikubali jambo moja. Sanduku lenu lisichukue nafasi ya deni la mwajiri. Code minier iliyobadilishwa mu 2018 inaomba kila kampuni yenye kuchimba itoe kiisi cha 0,3% ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya vijiji na mitaa ya karibu. Masomo iko ndani ya maendeleo. Mutu akiwaambia, "Nyie muko na sanduku yenu, mujijengee darasa", mumukumbushe pauni 150.000 za Aberfan. Mukono moja ukusanye, mukono wa pili udai.

Kwa familia yenye kutaka kuanza: mwite delege wa sendika wa kwenu. Kuandika kanuni za sanduku ni kazi ya siku moja. Tuanze mbele ya rentrée, ili siku ile mutoto moja asirudishwe nyumbani sababu ya minerval.