Fahamu: Semenov na moto uliokataa kuwaka

Mwaka 1926, katika maabara ya mwanakemia Nikolai Semenov mjini Leningrad, mvuke wa fosforasi ulichanganywa na oksijeni kidogo mno. Giza tupu. Oksijeni ikaongezwa kidogo tu, mara mwali ukachomoza! Max Bodenstein, bingwa wa kemia wa Kijerumani, alisema majaribio yana kasoro. Semenov akarudia, akaona yaleyale. Tena hata agoni, gesi isiyoungua kabisa, ilisaidia mwali kuwaka.

Kwa nini? Moto huu ni mnyororo: chembe moja huzaa kadhaa, nazo huzaa nyingine. Gesi ikiwa haba, chembe hugonga ukuta wa chombo na kufa kabla hazijazaana. Agoni huzichelewesha njiani. Kwangu, utamu wa kisa uko hapa: Bodenstein alikubali matokeo hayo, naye Semenov akapata Nobeli ya kemia 1956, pamoja na Cyril Hinshelwood wa Uingereza.