KERMESI YA JAMAA ZETU: ITAKUWA NAMNA GANI?

Tangu muhula uliopita wengi wenu mnatuuliza: hii kermesi inayosemwa katika komite ya wanafunzi ni kitu gani, na itafanywa namna gani? Wengine wanasema ni jambo la Wakatoliki. Wengine wanasema ni njia nyingine ya kukamata makuta ya wazazi. Tumeona vema kueleza hapa, ili kila mmoja ajisomee, na wazazi wasiojua kusoma wasomewe na watoto wao nyumbani.

Neno lenyewe limetoka mbali. Kwa Kiflamanda, lugha ya Wabelgiji wa kaskazini, kerk ni kanisa na mis ni misa. Kerkmis ilikuwa sikukuu ya kukumbuka siku kanisa la kijiji lilipowekwa wakfu. Watu walitoka ibadani, wakauza, wakala, wakacheza pale uwanjani. Wafaransa nao wakalitamka kwa namna yao, na Wabelgiji wakalileta Kongo katika maparokia na mashule. Basi wale wanaosema ni ya Wakatoliki hawakusema uongo. Lakini neno limekwisha kuzunguka sana, na leo ukisema kermesi mtu anaelewa siku ya michezo na chakula shuleni, basi. Wala si karnevali kama ya Rio de Janeiro, au ya Binche kule Ubelgiji, inayofanywa mbele ya Kwaresima na watu wanavaa vinyago. Vinyago hatutavaa. Wazee wa kanisa walale usingizi.

Sasa tuingie katika kazi. Kabla ya kuhesabu viti na sufuria, kuna ulizo moja ambalo komite ilikaa nalo majuma mawili: tunawaita wazazi ili watoe, au tunawaita ili waje? Mtu anaweza kufikiri ni kitu kimoja. Si kitu kimoja hata kidogo. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ilikuwa ya shule ya msingi. Sisi wa sekondari tulibaki na minervali. Mzazi mwenye deni anajua njia zote za Baraka zisizopita mbele ya shule. Mara ya mwisho alipofika hapa alikuja kwa sababu mtoto alirudishwa nyumbani. Ukimpelekea karatasi ya mwaliko, atasema: « Hee! Bado minervali, sasa tena kermesi? » Naye hatakuja. Tena mtoto wake pia hatakuja, kwa kuwa hakuna mtoto anayependa kusimama peke yake pale wenzake wanapokula na baba na mama zao.

Kule Kenya, tangu uhuru wa 1963, watu walijenga mashule mengi kwa harambee. Ni kazi ya kusifiwa, na majengo yanaonekana. Lakini katika harambee jina la mtu linatajwa mbele ya wote pamoja na kiasi alichotoa. Mwenye nyingi anapigiwa makofi. Mwenye kidogo anatafuta mti wa kujificha nyuma yake. Kwa kujenga ukuta, njia hiyo inafaa. Kwa kukusanya jamaa, tunaona haifai.

Kwa hiyo komite imependekeza: kiingilio hakuna. Majina hayatasomwa. Michezo midogo italipwa franka 100, anayetaka. Na tumeomba wakubwa wa shule neno moja, ambalo jibu lake tunalingojea bado: kwamba ile siku mtu yeyote asikumbushwe deni lake, hata kwa utani, hata kama amekutana na mhasibu uso kwa uso kwenye bugali.

Baada ya hilo, tarehe. Hapa ndipo tulibishana zaidi, na hapa ndipo wenzetu waliozaliwa mbali na ziwa wanapaswa kufundishwa kidogo. Wengi walitaka 30 Aprili, kwa sababu ni siku ya walimu katika nchi yetu na masomo hakuna. Ni wazo zuri. Lakini kila mtoto wa mvuvi alitikisa kichwa. Kwa nini? Ndagala zinavuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, leo ni taa za betri, lakini akili ni ileile: giza likiwa zito, samaki wanafuata mwangaza na kukusanyika chini yake, ndipo wavu unapandishwa. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote lina mwangaza, na taa ya mtumbwi haina nguvu tena. Basi karibu na mwezi mpevu, kama juma moja hivi, wavuvi wanakaa nchi kavu. Wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanalala usiku kama watu wengine.

Mwezi una siku 29 na nusu tangu kujaa mpaka kujaa tena, kwa hiyo haufuati kalenda ya ofisi. Mwaka 2026 mwezi mpevu uliangukia 1 Mei, na sikukuu ya 30 Aprili ingalikuwa nzuri kabisa. Lakini mwaka 2027 mwezi unajaa usiku wa 20 kuamkia 21 Aprili. Ikifika tarehe 30 unachelewa kutoka mpaka usiku mkubwa, giza la jioni limerudi, na baba zetu wamerudi majini. Mchana wanalala. Watakuja akina mama na watoto tu, kama kawaida, halafu tutasema wababa hawapendi shule.

Mmoja katika komite alileta neno zito: « Lakini wakati wa mwezi mpevu mifuko iko mitupu! » Ni kweli kabisa. Juma lisilo na ndagala ni juma lisilo na makuta, hata kwa mama anayeuza sokoni, hata kwa motari anayepeleka mizigo barabarani kwenda Mboko na Uvira. Gizani kuna makuta, wababa hawapo. Mwezini wababa wapo, makuta hakuna. Ndiyo sababu tulisema lazima kwanza kujibu lile ulizo la juu. Kama tunataka makuta, tufanye gizani. Kama tunataka jamaa, tufanye mwezini. Tumechagua mwezini, na siku tuliyopendekeza ni Alhamisi 22 Aprili 2027, kuanzia saa nane za mchana. Ijumaa tuliiacha kwa ajili ya wazazi wetu Waislamu, na Jumamosi kwa ajili ya Waadventista. Aprili ni mvua, hilo tunalijua. Klasi sita zitafunguliwa na madawati kusogezwa, na maturubai yatafungwa upande wa jikoni.

Juu ya tombola. Kermesi karibu zote zina tombola: unanunua karatasi, namba yako ikiitwa unachukua mbuzi. Wachungaji wetu wanasema ni mchezo wa bahati, hawautaki shuleni. Hatutabishana nao, tena tuna kitu kizuri zaidi ambacho kila mmoja amekiona kanisani siku ya mavuno: mnada. Jogoo, mkungu wa ndizi, kikapu kilichosukwa na klasi ya nane, vinauzwa mbele ya wote kwa kelele na kicheko. Mnunuzi anajua anapata nini. Lakini komite iliweka sharti moja, kwamba mnada uwe mwishoni, na vitu vya bei ndogo vitangulie, ili mama mwenye franka chache naye apeleke kitu nyumbani.

Michezo haina shida kubwa. Kuvuta kamba, wazazi kwa walimu (tunajua tayari nani wataanguka). Kukimbia na magunia. Kisolo kwa wazee chini ya mwembe, kwa kuwa mzee hatakimbia na gunia, lakini akikaa kwenye kisolo hataondoka mpaka jioni. Mashindano ya mitumbwi yalikataliwa, ingawa yalikuwa na wapenzi wengi. Upepo wa ziwa haumheshimu mtu, na mamba pia hawakualikwa.

Tumefikiri vilevile kwamba jamaa zetu si za namna moja. Kuna waliozaliwa hapa, kuna waliokimbilia Tanzania wakati wa vita ya 1996 wakakaa miaka katika kambi ya Nyarugusu na kurudi, kuna Warundi waliofika Lusenda tangu 2015 na Mulongwe tangu 2017. Matangazo yatasemwa kwa Kiswahili. Nyimbo na ngoma, kila jamaa ilete zake. Kibembe kitaanza kwa sababu ndicho mwenyeji, lakini kikianza kisishike uwanja mpaka jua kuzama! Mwenyeji mzuri anamwachia mgeni kiti.

Tumebakiza jambo ambalo halichekeshi. Sisi wa Fizi tunakijua kipindupindu, hakuna haja ya kufundishana. Watu mia wakila pamoja na mikono haikunawiwa, sikukuu inageuka matanga. Kwa hiyo maji ya kunywa yatatiwa dawa ya klori asubuhi na kukaa ndani ya bido zenye kifuniko. Hakuna atakayechota moja kwa moja ziwani. Mbele ya kila meza ya chakula kutakuwa ndoo yenye bomba, sabuni, na wanafunzi wawili wa klasi ya kwanza ya humanités, ambao kazi yao ni moja: asiyenawa hapiti. Hata prefe. Bugali, sombe na ndagala vitolewe vikiwa moto; kilichobaki tangu mchana kisirudishwe mezani jioni. Vyoo vitasafishwa na wavulana wa klasi ya saba na ya nane, wasinung'unike, wasichana watakuwa jikoni tangu alfajiri. Ingawa hapa tumepata barua ya wasichana watatu wanaouliza kwa nini isiwe kinyume, na komite haijapata jibu la kuwapa.

Wafinalisti hawatapewa kazi nzito, mtihani wa Taifa uko mbele yao. Watakaa mlangoni kupokea wageni na kuwapa viti.

Sahani tutaazima majumbani. Kila klasi itafunga uzi wa rangi yake kwenye vikapu vyake na kuandika hesabu: sahani ngapi, za nani. Zitarudishwa kesho yake kabla ya masomo, zimeoshwa. Sufuria kubwa mbili bado hatujazipata. Aliye na mama au shangazi mwenye sufuria ya harusi, amwambie shefu wa klasi yake kabla ya Ijumaa.