Mbele ya kununua dawa, mutembeze karatasi

Ndugu wanamemba, sisi maagronomu tunaona jambo moja kwa mikutano mingi: swali linaulizwa, prezida anasema «tununue dawa», na wote wanaitika. Ni wazo moja tu, na wadudu wanaendelea kubungua mahindi.

Kuko njia inaitwa 6-3-5, ya Mjerumani Bernd Rohrbach, tangu 1968. Watu 6 wanakaa kwa duara, kila mutu na karatasi. Juu munaandika swali: «Tufanye nini mahindi yetu ikae miezi 6 bila kubunguliwa?» Kila mutu anaandika mawazo 3 kwa dakika 5, bila kusema. Kisha anapitisha karatasi kwa jirani wa kuume, anasoma ile aliyopokea, anaongeza 3 ingine. Mukifanya mara 6, kwa nusu saa mawazo inaweza kufika 108. Mama asiyeandika akae na kijana wa kumuandikia, lakini wazo libaki la mama.

Sasa mupange mawazo kwa mafungu: kukausha, kuweka, dawa, kuuza. Kama yote iko kwa fungu la dawa, muko na wazo moja lenye majina mengi. Murudilie, na safari hii dawa ikatazwe. Hapo ndipo bidoni inaweza kutokea: mahindi makavu kabisa, bidoni ijazwe na kufungwa sana, wadudu wakose hewa na kufa.

Mwisho, muchague mawazo 2 ya mafungu mbalimbali, mujaribu kila moja kwa mufuko mumoja, mbele ya kutoa makuta ya koperative.