Adui wa Utando ni Kalsiamu

Klorini inayoua vijidudu katika maji ya bomba na kostiki soda ya watengeneza sabuni huzalishwa pamoja, kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi. Katikati ya mtambo husimama utando wenye chaji hasi: huziachia ioni za sodiamu zivuke, huzizuia za kloridi. Uso mmoja hukabili klorini, wa pili kostiki ya asilimia 32 hivi, kwenye joto la karibu nyuzi 90. Ndiyo maana wabunifu walichagua polima iliyosheheni florini, kwani muungano wa kaboni na florini hauvunjwi kirahisi na klorini. Kiwanda cha Nobeoka, Japani, kiliutumia utando huo kibiashara kuanzia 1975, wakati nchi hiyo, ikiwa na jeraha la sumu ya zebaki kule Minamata, inaipa kisogo mitambo ya klorini iliyotumia zebaki.

Basi ungetarajia kazi iwe imekwisha. Haikwisha, kwa sababu kinachoua utando huo ni kalsiamu na magnesiamu, madini ya kawaida kabisa katika chumvi. Nayo yana chaji chanya, hivyo hupenya kama sodiamu. Yakikutana na haidroksaidi ya kostiki humo ndani huganda kuwa chembe zinazoharibu polima. Kwa hiyo viwanda husafisha maji ya chumvi mpaka madini hayo yabaki mikrogramu 20 hivi kwa lita, na utando hudumu miaka kadhaa. Kwa maoni yangu, anayebuni utando bila kubuni usafishaji huo amefanya nusu ya kazi.

Yupo atakayeuliza: kwa nini usiufanye mnene zaidi? Unene huongeza ukinzani, na umeme ndio gharama inayowaumiza wenye viwanda. Hoja nzito zaidi ni kwamba utando unaweza kufundishwa kuchagua. Ni kweli: Japani hutengeneza chumvi ya mezani kutokana na maji ya bahari kwa tando zilizopakwa tabaka jembamba la chaji chanya, ambalo husukuma kalsiamu, yenye chaji mbili, kwa nguvu zaidi kuliko sodiamu yenye moja. Lakini tabaka hilo kwa kawaida ni la polima isiyo na florini, na hufanya kazi katika maji ya bahari yasiyo makali. Kwenye klorini ya moto lingeliwa upesi, na utando ungebaki bila mlinzi huku kalsiamu ikiendelea kuingia.