Uliwaita 'wezi' mtandaoni? Neno hilo lina bei kortini

Hebu nikuulize. Ushawahi kununua bando, ikaisha kabla hujamaliza hata video moja, ukaingia mtandaoni na hasira zako zote ukaandika "nyinyi ni wezi tu"? Usinijibu, najua. Mimi niliandika. Siku tisa baadaye barua ya wakili ikanifikia kwa WhatsApp, kurasa mbili, nembo juu na muhuri chini.

Naishi Eastlands, bedsita ya orofa ya nne, na Wi-Fi ya ploti yetu inauzwa na kampuni fulani ndogo. Jina lake silitaji hapa, na ukisoma hadi chini utajua mbona. Nililipa Sh1,500 za mwezi. Siku ya tatu mtandao ukazima na ukakaa hivyo siku 11. Nikipiga simu naambiwa fundi yuko njiani. Fundi gani huyo anatembea wiki nzima kutoka stejini hadi kwangu? Na ujue mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, sasa kazi yangu ni kuandika mtandaoni. Intaneti ikipotea, unga pia unapotea.

Basi nikaandika posti. Aya tatu za kwanza zilikuwa safi: tarehe niliyolipa, ujumbe wa M-Pesa, nilipiga simu mara ngapi na nikajibiwa nini. Halafu nikamalizia kwa kishindo: hii ni kampuni ya wezi. Majirani wakaisambaza hadi mitaa ambayo sijawahi kukanyaga.

Barua ilinipa siku saba. Nifute posti, niombe msamaha hadharani na nilipe fidia, la sivyo tuonane kortini. Sitakudanganya, nilitetemeka. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Kabla sijabonyeza nikamtumia beshte yangu aliyesomea sheria. Akasoma, akacheka. "Buda, hizi aya tatu hata wakili wao anajua hatoboi. Shida yako ni huo mstari wa mwisho."

Alichonieleza siku hiyo ndicho nataka nawe ukijue kabla ya barua yako kufika.

Katiba, kifungu cha 33, inakupa uhuru wa kujieleza. Kifungu cha 46 kinakupa haki ya kupata huduma na bidhaa za ubora unaofaa ukishalipa pesa yako. Lakini kifungu hicho hicho cha 33 kinasema ukitumia uhuru huo lazima uheshimu haki na jina la mwenzako. Na kampuni nayo ina jina. Inaweza kukushtaki kwa kuliharibu sawa na vile jirani yako angeweza.

Sasa sikiza mahali pagumu. Ukifikishwa kortini, si kampuni inayohitaji kuonyesha kwamba ulidanganya. Ni wewe uonyeshe kwamba ulisema ukweli. Kwa mambo yaliyotokea, hiyo si kazi ngumu kama uliweka rekodi: nililipa tarehe hii, mtandao ukazima tarehe hii. Kwa maoni pia kuna kinga, mradi yasimame juu ya mambo ya kweli, yahusu jambo lenye maslahi kwa umma, na yasiwe ya chuki tu. "Hii ndiyo huduma mbovu zaidi niliyowahi kulipia" ni maoni yangu, na hakuna jaji atakayeniuliza nina mashine gani ya kupima ubovu. Lakini "wezi"? Wizi ni kosa la jinai. Ukimwita mtu mwizi umesema alitenda kosa hilo, na sasa korti inataka uthibitishe.

Kuna kifungu kimoja ambacho wasee wengi hawajui. Sheria yetu ya kashfa, Sura ya 36, ina sehemu ya 16A. Inasema ukipatikana umemsingizia mtu kosa ambalo adhabu yake ni kifungo cha miaka mitatu au zaidi, fidia haiwezi kuwa chini ya Sh400,000. Kama ni kosa la kunyongwa, haiwezi kuwa chini ya Sh1 milioni. Wizi wa kawaida adhabu yake ni hiyo miaka mitatu. Piga hesabu mwenyewe. Ndiyo, wakili wako anaweza kusema hilo lilikuwa tusi la hasira tu, kila mtu Nairobi huita kila kampuni wezi, na huenda jaji akakubali. Lakini huyo wakili wa kusema hivyo utamlipa na nini? Mimi wakati huo nilikuwa nimebaki na Sh640.

Ukidhani naongeza chumvi, angalia Nigeria. Septemba 2023 mama mmoja wa Lagos, mfanyabiashara mdogo, alinunua nyanya ya kopo ya kampuni ya Erisco Foods, akapika, kisha akaandika Facebook kwamba aliiona ina sukari kupita kiasi. Akawauliza wafuasi wake wanaionaje. Hadi hapo ni mazungumzo ya jikoni. Kisha mtu akamjia juu kwa komenti, aache kuharibu bidhaa ya ndugu yake, naye akamjibu kwamba amshauri huyo ndugu aache kuua watu. Siku chache baadaye alikuwa mikononi mwa polisi, akapelekwa hadi Abuja, akafunguliwa mashtaka chini ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni. Kampuni nayo ikaleta kesi yake ya kudai naira bilioni 5. Bilioni, si milioni. Nilipoisoma stori hiyo nilirudi kwa posti yangu nikautazama ule mstari wa mwisho kwa jicho lingine. Mimi na yule mama tuliteleza mahali pamoja: tuliacha kusema tulichokiona, tukaanza kusema wao ni watu gani.

Kenya, kukamatwa kwa kosa la kuharibu jina kulifika mwisho Februari 2017, Mahakama Kuu iliposema sehemu ya 194 ya Kanuni ya Adhabu inakiuka Katiba. Mwaka mmoja kabla, korti ilikuwa imefuta pia sehemu ya 29 ya sheria ya mawasiliano, ile iliyokuwa ikiwanasa wanablogu kwa "matumizi mabaya ya kifaa". Tukashangilia. Halafu 2018 ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao, na ndani yake habari za uongo zikawekewa faini ya hadi Sh5 milioni. Chama cha wanablogu, BAKE, kilikimbia kortini. Vipengele 26 vikasimamishwa, kisha Februari 2020 jaji mwingine akaitupa kesi, nacho kikakata rufaa. Kwa hivyo usidhani ukikwepa kesi ya madai umekwepa kila kitu.

Lakini usiniambie pia kampuni ndiyo hushinda siku zote. Uingereza kulikuwa na watu wawili, Helen Steel na David Morris, waliogawa karatasi za kuikosoa McDonald's. Wakashtakiwa, hawana pesa, wakajitetea wenyewe siku 313 kortini. Mwaka 1997 wakashindwa katika sehemu ya madai, wakaamriwa kulipa pauni 60,000, na rufaa ikazishusha hadi 40,000. Hawakulipa hata senti. Mwaka 2005 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema hawakutendewa haki, kwa sababu walinyimwa usaidizi wa wakili mbele ya kampuni kubwa hivyo. Afrika Kusini nako, Novemba 2022, Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba mtu anaweza kujitetea kwa kusema kesi hii haikuletwa kutafuta haki, imeletwa kumnyamazisha na kummalizia pesa. Hiyo ilihusu kampuni za migodi na watu waliozikosoa. Sisi hapa bado hatuna sheria yetu maalum ya kuzuia kesi za namna hiyo, na ndiyo maana barua ya kurasa mbili inatosha kumfanya mtu afute posti ya kweli kabisa.

Nilifanya nini? Niliufuta ule mstari wa mwisho. Mahali pake nikaandika: siku 11, Sh1,500, na hadi leo sijarudishiwa. Nikamjibu wakili kwa sentensi nne, beshte yangu akizikagua, kwamba neno nimeliondoa lakini yaliyotokea yatabaki kwa sababu yalitokea. Sikulipa chochote. Skrinishoti zote nikaziweka, na beshte akanikumbusha kwamba korti hutaka cheti kinachoeleza zilitolewa kwa simu gani na nani alizitoa, kwa hivyo ile simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka siiuzi. Malalamiko nikayapeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, jambo ambalo ningefanya tangu siku ya nne badala ya kungoja fundi.

Wakili hajaandika tena. Kesi ya kashfa lazima ifunguliwe ndani ya miezi 12, na mimi nimebakisha mitatu. Wi-Fi bado ni ile ile, maana keateka haruhusu waya wa kampuni nyingine kuingia kwa ploti.

Kwa rasimu zangu kuna stori nyingine, ya duka linalouza simu za lipa pole pole lililomfungia jirani yangu simu baada ya kumaliza deni. Risiti zote ninazo, hadi ya mwisho. Nimeiandika mara tatu, haina tusi hata moja. Bado sijabonyeza.