Kucha za marumaru kwenye kopo la Blue Band

Akina dada mnaonisoma kila wiki mnanijua: mie si mtu wa saluni. Nikisikia bei ya kupakwa rangi kucha kumi na kuwekewa vimaua viwili, nahesabu kilo ngapi za unga zimo humo, nageuza njia. Lakini majuzi nilijikuta Fumba, nimekaa mkekani nyumbani kwa kaka yangu, mbele yangu kopo la Blue Band limejaa maji, chupa tatu za rangi ya kucha, pini moja, na bi harusi mtarajiwa ananitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

Kisa chenyewe kinaanzia mbali kidogo. Binti huyu wa kaka yangu hawezi kupigwa piko. Alipokuwa na miaka 17 alichorwa maua meusi mikono yote miwili kwa ajili ya harusi ya binamu yake. Usiku wa pili mikono ikaanza kumuwasha. Siku ya tatu ikavimba, yakatoka malengelenge yaliyofuata mchoro ule ule, ua kwa ua, jani kwa jani. Mpaka leo akisimama juani unaliona jani moja limebaki alama karibu na kifundo cha mkono. Daktari wa ngozi alimwambia asiguse tena piko, wala dawa ya kutia nywele weusi, maisha yake yote.

Msidhani ni hina iliyomfanya hivyo. Hina ya majani haitoi weusi wa lami, inatoa wekundu na hudhurungi. Ule weusi wa piko unatoka kwenye unga wa kutia nywele rangi, ambao ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilenidiamini. Ulaya sheria inairuhusu kwenye dawa ya nywele tu, tena isizidi asilimia 2, na hairuhusu kupakwa juu ya ngozi. Huku kwetu inakorogwa kwenye kibakuli kwa kukisia, inapakwa, na watu wanapiga vigelegele. Wengi hawapati kitu. Lakini ngozi ikishaikataa mara moja, haisahau.

Basi harusi yake ilipokaribia, akaniita. "Shangazi, hina nyekundu nitatia, hiyo haina neno. Lakini wenzangu wote walipambwa piko. Nataka na mie kitu kimoja cha kuwafanya watu waulize." Akanionyesha kwenye simu picha ya kucha zenye michirizi kama jiwe la marumaru. "Nataka hivi, lakini ziwe kama ndani ya chaza."

Nikamwelewa mara moja. Anayeijua Fumba ataelewa pia. Ukipita uwanja wa ndege ukaifuata barabara ya kusini mpaka nchi inapoishia, uko Fumba, Ghuba ya Menai mbele yako. Siku hizi yanajengwa majumba ya mji mpya huko, lakini maji yakikupwa bado utawaona akina mama pwani wameinama na ndoo zao wanaokota chaza na kombe, na jirani pale Bweleo wapo wanaosugua makombe mpaka yakang'ara, wakatengeneza hereni na vidani. Msichana aliyekulia hapo ameona rangi za ndani ya chaza kabla hajaona duka la vipodozi: weupe, buluu na waridi, zimeingiana bila kuchanganyika.

Nikapanda daladala kwenda mjini, nikazunguka Darajani, nikanunua chupa tatu za shilingi 2,000 kila moja: nyeupe, buluu na waridi. Na ya nne, ile isiyo na rangi, ya kung'arisha. Nikarudi na kiburi changu.

Mara ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Nilichota maji ya mtungini, baridi safi, nikadondosha tone la buluu. Likazama chini kama jiwe. La waridi nalo likalifuata. Mama yangu mzazi, ambaye ndiye bi mkubwa wa nyumba ile, alikuwa pembeni anachambua mchele. Akasema bila kuinua macho: "Hiyo ndo mnaita kupamba? Mie naona mnazamisha pesa."

Kosa lilikuwa baridi. Rangi ya kucha ni kitu cha namna ya plastiki kilichoyeyushwa kwenye dawa inayoruka upesi, ndo maana inanuka vile ukiifungua. Ikigusa maji yaliyo na joto la chumba, inajitandaza juu yake kuwa utando mwembamba kuliko karatasi. Yakiwa baridi, tone linajikunyata na kuzama. Yakiwa ya moto, linakauka kabla hujafanya lolote. Tukayaacha maji ya chupa ukumbini toka asubuhi mpaka adhuhuri, yakawa si baridi si moto. Ya kisima nilijaribu pia. Kisima chetu kina chumvichumvi, na rangi ilikuwa ikikatikakatika juu yake, kwa hiyo nikashika ya chupa.

Jaribio la pili likaharibiwa na feni. Upepo unaukausha utando, unakuwa kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemka, ukiuchoma pini unakokoteka wote. Zima feni, vumilia jasho. Na chupa kuukuu yenye rangi nzito kama uji iache kabatini, haitandazi.

Mara ya tatu, jamani, nilipiga kelele. Niliangusha tone la nyeupe, likafunguka duara. Katikati yake nikaangusha la buluu, likaisukuma nyeupe pembeni. Kisha waridi, kisha nyeupe tena, mpaka matone sita. Maduara ndani ya maduara, kama kitunguu kilichokatwa! Nikachukua pini, nikaanzia duara la pili kutoka nje (lile la ukingoni hushika kopo na kukauka kwanza, usiliguse), nikavuta taratibu kuelekea katikati, nikafuta ncha, nikavuta tena. Michirizi ikajitokeza yenyewe.

Fanya haraka hapo, una nusu dakika tu. Kucha iwe imeshapakwa nyeupe na kukauka kabisa, kwani juu ya nyeupe ndiko michirizi inakoonekana. Ngozi ya kuzunguka kucha iwe imezibwa kwa selotepu au imepakwa mafuta ya mgando, la sivyo utapaka kidole kizima mpaka kiungo cha pili. Ingiza kidole kucha ikitazama chini, bapa, juu ya sehemu ya mchoro uliyoipenda. Usikitoe! Kiache humo majini, chukua kijiti cha meno, ukusanye utando wote uliobaki juu ya maji. Ndipo utoe. Ukitoa kabla, utando uliobaki utajibandika juu ya mchoro wako na kazi imekwisha. Kausha, bandua selotepu, safisha pembeni kwa pamba yenye asetoni, halafu pakaa ile isiyo na rangi. Kila kidole na matone yake mapya, na hakuna kucha mbili zitakazofanana. Usitumie bilauri nzuri ya mama mkwe, haitasafishika.

Hii sanaa wenzetu wanaijua zamani, ila si kwenye kucha. Wajapani walikuwa wakielelesha wino juu ya maji na kulaza karatasi juu yake. Waturuki nao wana yao wanayoiita ebru, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Mie nilikuwa na kopo la siagi.

Kwa kuwa huyu ngozi yake ina historia, tulianza na kucha moja ya kidole cha mwisho, tukasubiri siku tatu. Hata rangi ya kucha ina watu inaowakataa, na ajabu yake mara nyingi haiwashi vidoleni, inawasha kwenye kope za macho, kwa sababu mtu hujishika uso. Hakuwashwa. Madirisha yawe wazi, harufu ile inapanda kichwani, na jiko la mkaa liwe mbali kabisa, kwani rangi na asetoni zote zinashika moto upesi mno. Na ule uchafu uliokusanywa na kijiti mtu asiumwage pwani. Menai ni eneo la hifadhi tangu 1997, na sisi tunakula kutoka humo.

Mimi nikadhani tumemaliza. Bi mkubwa akaweka ungo chini. "Na udhu?"

Tukanyamaza. Maji hayafiki kwenye kucha iliyopakwa rangi, kila mtoto wa chuoni analijua hilo. Hina inaacha maji yapite, ndo maana bibi zetu hawakuwa na tatizo. Bi harusi akasema zipo rangi zinazotangazwa kuwa zinapitisha maji. Kweli zipo, ile ya Inglot ya Poland ilivuma sana miaka ya 2010, lakini masheikh wamekhitilafiana juu yake, na mie si sheikh. Bi mkubwa hakutaka kusikia habari za Poland. "Atasali vipi mwanangu siku ya harusi yake?" Na yule binti akainamisha kichwa, maana alikuwa anaitaka sala yake na anazitaka kucha zake.

Tukapiga hesabu ya saa kama watu wa bandarini. Nikaha ilikuwa Ijumaa baada ya Alasiri. Siku hiyo mikono hina peke yake. Shughuli ya wanawake ilikuwa Jumamosi usiku. Basi nikaweka vitu vyangu tayari tangu Magharibi, maji yakipata joto la chumba, selotepu imeshakatwa vipande ishirini. Akasali Isha, akakaa mkekani, nikaanza. Kucha kumi zilinichukua saa nzima na dakika kumi, moja nikairudia mara tatu. Tuliingia ukumbini tumechelewa, na waliotusubiri walikuwa wameanza kununa mpaka alipoinua mkono kuweka sawa mtandio. Waliuliza. Wanne walimshika vidole wakidhani ni chaza kweli.

Kabla ya Alfajiri akanigongea mlango na chupa ya asetoni na pamba. Tulizitoa zote kumi kimya kimya, buluu na waridi zikabaki kwenye pamba, akaenda kutawadha.

Asubuhi nilipokuwa nafunga mkoba wangu, bi mkubwa akaja akasimama mlangoni. Akauliza chupa ile ya waridi imebaki kiasi gani, na kama harusi ya mtoto wa jirani mwezi ujao naweza kuja.