Kopo la Rangi na Mafiga Matatu

Paukwa? Pakawa!

Sogeeni, wapwa zangu. Leo nawasimulia habari za wachoraji wa Dar es Salaam na chama chao. Habari yenyewe ni ya kweli. Ila msimulizi nimemchagua mimi: ni kopo la rangi. Makopo hayasemi, mnajua. Hili leo nimelipa ulimi.

Mbona kopo, Mjomba?

Umeuliza vizuri. Kwa sababu kopo hukaa karibu na mkono wa mchoraji kuliko mtu yeyote. Likiwa na rangi, brashi huchovya humo. Rangi ikiisha, brashi huhifadhiwa humo humo. Haya, tulisikilize.

“Mimi ni kopo la rangi,” kopo likaanza. “Si ile rangi ya maji mnayochorea shuleni. Mimi ni la rangi ya mafuta, ile inayong'aa, ile ambayo watu huipaka baiskeli kuukuu ikarudi kuwa mpya. Nilitoka dukani nimejaa mpaka kifunikoni. Mwaka ulikuwa 1968. Aliyeninunua aliitwa Edward Saidi Tingatinga. Nilikuwepo, nikaona.”

Alikuwa nani huyo?

“Alikuwa mtu wa kusini. Alizaliwa mwaka 1932, huko Tunduru, upande wa mpaka wa Msumbiji. Alipokua akaenda Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Kisha akaja Dar es Salaam kutafuta riziki. Akatunza bustani za watu, akafanya na kazi nyingine za mikono. Shule ya uchoraji hakusoma. Lakini macho alikuwa nayo, mikono alikuwa nayo, na subira alikuwa nayo.”

Subira ya nini?

“Ngoja nikwambie. Alichukua hadibodi, ule ubao mwembamba wa kujengea. Akaukata mraba, kila upande kama sentimita 60. Akaupaka rangi moja ubao mzima. Akasubiri ikauke. Akamchora mnyama katikati, mkubwa, mpaka karibu aguse kingo: chui, au tembo, au ndege mwenye mkia mrefu. Akasubiri tena. Ndipo akaweka madoa, moja baada ya jingine. Rangi ya mafuta haitaki haraka. Ukiweka ya pili kabla ya ya kwanza kukauka, zinachanganyika, na chui wako hana madoa tena.”

Mnasikia? Mtu akikwambia kuchora ni mchezo, mwambie aketi asubiri rangi ikauke.

Kopo likaendelea. “Picha zilipokauka, zilipangwa nje, Oysterbay, karibu na maduka ya Morogoro Stores. Watu walikuja kununua mahitaji yao ya nyumbani. Wakitoka, wanamwona chui anawatazama. Wakasimama. Wakauliza bei. Wakanunua. Jamaa na marafiki wa Tingatinga nao wakasogea wajifunze. Walikuwa Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata na Omari Amonde. Wanafunzi sita. Darasa lao halikuwa na ubao wa chaki. Walitazama mkono wa mwalimu, nao wakajaribu. Nilikuwepo, nikaona.”

Kisha ikawaje?

Hapa kopo lilinyamaza kidogo. Hebu niwasimulie mwenyewe. Mwaka 1972 Tingatinga alifariki dunia. Polisi walimdhania mtu mwingine, wakampiga risasi. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Miaka minne, wapwa zangu! Hata darasa la kwanza mpaka la nne ni miaka minne.

Basi picha zake zikaisha hapo, Mjomba?

Ah, swali zuri hilo! Ndilo swali lililonifanya niwaite hapa leo. Zingeweza kuisha. Wachoraji wengi duniani wamekufa, na kazi zao zikafa nyuma yao. Hizi hazikufa. Kwa nini? Njooni jikoni niwaonyeshe.

Mnaona mafiga haya? Mnaona na chungu? Weka chungu juu ya figa moja. Kitasimama? Kitapinduka, na mchuzi utamwagika. Mafiga mawili je? Kitayumba tu. Weka matatu. Sasa koroga unavyotaka! Ndiyo maana wahenga walisema: figa moja haliinjiki chungu.

Kipaji cha mchoraji ndicho chungu. Chama ndicho mafiga. Chungu kinaweza kuwa cha mtu mmoja, lakini kukiinjika ni kazi ya wengi.

Na hayo mafiga matatu ni yapi? Tulisikilize kopo.

“Figa la kwanza ni kufundishana,” kopo likasema. “Mwalimu alipoondoka, wale sita hawakutupa brashi. Walijaribu kujipanga. Ndugu wa Tingatinga wakaungana nao, wakafanya kazi pamoja kwa ubia. Aliyejua kuchora ndege akamfundisha asiyejua. Kijana aliyekuja mikono mitupu akapewa kibao, akaambiwa: anza na rangi ya nyuma. Akiiweza hiyo, akapewa madoa. Akiyaweza madoa, akachora mnyama wake mwenyewe.

“Figa la pili ni kuuza pamoja. Mchoraji aliye peke yake huchora asubuhi na kutembeza picha mchana. Jua kali, picha begani, mnunuzi mmoja mmoja. Akichoka, anauza kwa bei ya hasara. Wakiwa pamoja, wanakuwa na mahali pamoja. Mnunuzi anajua aende wapi. Mwaka 1990 wachoraji wale waliugeuza ubia wao kuwa chama cha ushirika cha sanaa za Tingatinga. Na makao yake yakawa pale pale Oysterbay, picha zilikoanzia kuuzwa.”

Chama cha ushirika ni nini?

Ni chama ambacho wenye kazi ndio wenye chama. Hakuna tajiri mmoja anayewaajiri wote. Wanachama huandika katiba, yaani kanuni walizokubaliana. Humchagua mwenyekiti, humchagua katibu, humchagua mweka hazina. Na mwanachama akiuza, sehemu ya pesa huingia katika mfuko wa wote.

Sasa mmoja wenu amekunja uso. Najua unachotaka kuuliza. “Kwa nini mchoraji atoe pesa yake? Si amechora mwenyewe?”

Hongera kwa kufikiri. Amechora mwenyewe, kweli. Lakini paa lililomkinga na mvua ni la wote, na paa likivuja lazima fundi alipwe. Taa iliyomulika picha ni ya wote, na umeme una bili. Ndiyo kazi ya mfuko. Tena wote wakinunua rangi pamoja kwa bei ya jumla, kila mmoja anaipata nafuu. Anachokitoa kwa mkono huu humrudia kwa mkono ule. Bila hivyo turudi kule kule: figa moja haliinjiki chungu.

Je, walilazimishwa kujiunga?

La. Wengine hawakutaka, wakaenda kuchorea kwingine, na ni haki yao. Chama ni hiari. Anayeingia aingie kwa kupenda, na anayebaki nje abaki kwa amani.

“Mmesahau figa la tatu!” kopo likapiga kelele.

Hatujasahau. Sema.

“Figa la tatu ni kulindana. Itazameni picha chini, kwenye kona. Mnaona nini? Jina! Mchoraji humaliza kwa kuandika jina lake. Brashi nyembamba, herufi chache. Hapo ndipo ninapofurahi kuliko popote. Nilikuwepo, nikaona.”

Sasa yule mdogo wenu ameuliza jambo kubwa. Anasema: “Mjomba, kama Tingatinga alichora chui, na wengine wote wanachora chui, si wameiga?”

Nakupa mkono kwa swali hilo. Linawatatiza hata watu wazima. Sikiliza taratibu. Namna ya kuchora ni ya kila mtu. Mnyama mkubwa, rangi zinazong'aa, madoa mengi: hayo unaweza kujifunza, ukayatumia, ukayaongezea yako. Wanafunzi wa Tingatinga walifanya hivyo. Wakaongeza vijiji vyenye watu wengi, wakaongeza hospitali zenye foleni ya wagonjwa, wakaongeza mashetani wa hadithi. Lakini picha yenyewe, ile aliyoichora mtu fulani kwa mkono wake, hiyo ina mwenyewe. Usiichukue ukaichapa kwenye fulana ukaiuza bila kumuuliza. Huo ni wizi, hata kama ukuta wake haujapoteza kitu.

Sheria inasema hivyo pia. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Inamlinda mchoraji maisha yake yote, na baada ya kufa kwake inaendelea kwa miaka 50 kwa ajili ya warithi wake. Lakini mchoraji mmoja akidhulumiwa, sauti yake ni ndogo. Nani atamwandikia barua? Nani atakwenda naye kwa mwanasheria? Chama. Wachoraji wengi wakisimama pamoja, hata mwenye kampuni kubwa hufungua mlango.

Na serikali je, Mjomba?

Serikali nayo ina nafasi yake. Kuna Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984 kuangalia sanaa zote: ngoma, muziki, maigizo, uchoraji na uchongaji. Na kuna mahali pengine wachoraji hukutana. Tangu mwaka 2008 pale Mikocheni kuna Nafasi Art Space, ambako wasanii hupata vyumba vya kufanyia kazi na watu huja kutazama. Ni vizuri sana. Lakini baraza haliwezi kukaa kando ya kila mchoraji likimshikia kopo. Wachoraji wenyewe lazima washikane.

Na waliposhikana, picha zilifika wapi? Zilifika Japani. Zilifika Ulaya. Na mwaka 2010 zikaingia katika televisheni. Labda mmewahi kuona katuni za Tinga Tinga Tales, za wanyama wenye rangi kali wanaosimulia kwa nini tembo ana mkonga mrefu. Zilitengenezwa Nairobi, na sura za wanyama wale zimetokana na namna hii ya kuchora iliyoanzia kwenye vipande vya hadibodi. Mtu alichora miaka minne. Leo imepita zaidi ya miaka 50, na bado vijana wanachora. Chungu hakikumwagika.

Mtoto naye anaweza kuwa na chama?

Hilo nalo ni swali la mtu mwenye akili! Anaweza, na aanze kesho. Tafuta wenzako wawili shuleni wanaopenda kuchora. Mnakuwa watatu. Anayejua kuchora mikono awafundishe wenzake mikono, maana mikono ni migumu. Hilo ni figa la kwanza. Mwombeni mwalimu sehemu ya ukuta mtundike picha zenu, zote pamoja, wazazi wakija wajue pa kutazama. Hilo ni figa la pili. Kisha kila mmoja aandike jina lake kwenye kona ya picha yake, na mtu akitaka kuichukua, aombe kwanza. Hilo ni figa la tatu.

Na mtoto mwingine akija akasema, “Mimi sijui kuchora,” msimcheke. Mpeni kibao. Mwambieni: anza na rangi ya nyuma.